Karatasi ya Saa Tano

Kwa miaka sita karatasi hii ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, sandukuni, chini ya nguo zangu za kanisani. Marehemu mke wangu aliwahi kuniuliza ni ya nini. Nilimwambia ni hati ya shamba, naye alikufa akiamini hivyo.

Si ya shamba. Ni patografu, karatasi ambayo mkunga huijaza mama akiwa kwenye uchungu. Kila nusu saa unaandika mapigo ya moyo wa mtoto. Kila baada ya saa nne unampima mama na kuweka alama kuonyesha njia imefunguka kiasi gani. Katikati kuna mstari wa tahadhari, umechapwa tayari. Alama za mama zikivuka mstari huo, na wewe uko zahanati isiyokuwa na chumba cha upasuaji, unaita gari la wagonjwa. Ndivyo wanavyofundishwa chuoni, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nilikuwa mfawidhi, yaani mkuu, wa zahanati moja wilayani Biharamulo, ingawa kwetu ni Bukiriro, Ngara. Elimu yangu ni kidato cha nne na cheti cha uuguzi. Kazi yenyewe niliijulia kambi ya Benaco, miaka ile ya wakimbizi, akina mama wakijifungulia chini ya maturubai na sisi tukikimbia kutoka hema hili kwenda lile. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuchora mistari. Nilitoka pale nikiamini kwamba mikono yangu inajua kila kitu, na kosa langu lilianzia hapo, muda mrefu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia.

Binti mmoja, mkunga mpya, aliletwa na gari la halmashauri mwezi wa kiangazi, na sanduku la magurudumu ambayo yalikataa kuzunguka kwenye vumbi letu. Alikuwa na stashahada, saa ndogo amebandika kifuani, viatu vyeupe, na daftari. Barua iliyokuja naye ilisema mimi ndiye mlezi wake kazini kwa miezi mitatu: nimwelekeze, nimsimamie, kisha nijaze fomu ya maendeleo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka chuo gani?"

Akanitajia. Akaongeza kwamba huko walifanya mazoezi kwa sanamu ya mama anayejifungua, sanamu ya kisasa.

"Sanamu za hapa zinapiga kelele," nikamwambia. Wahudumu wakacheka. Naye akacheka, maskini, akidhani amekaribishwa.

Siku hiyohiyo nikambandika jina. Nilimwita Chuo. "Chuo, lete glovu." "Chuo, pima presha ya bibi huyu." Wagonjwa nao wakalidaka, na mwisho hata watoto wa shule wakawa wanapita dirishani wakisema, "Chuo hajambo?" Akiuliza kwa nini hatufanyi jambo fulani kama mwongozo unavyosema, nilikuwa na jibu moja tu: "Hapa si chuoni." Nililitoa kwa upole, kama mtu anayegawa busara. Patografu, kwa mfano, sisi tulizijaza baada ya mtoto kuzaliwa, tumekaa, tunakunywa chai. Tulianzia mwisho tukirudi nyuma, na alama zote zikapanda vizuri kandokando ya mstari. Wakaguzi walizisifu kwa usafi.

Nisimfiche msomaji: nilimpenda binti yule. Alikula kwangu wiki mbili za kwanza kabla hajapata chumba, na mke wangu alimfundisha kupika matoke kwa karanga. Lakini stashahada yake ilinikera. Nilitaka ajue kwamba mimi bila stashahada nilikuwa nimewapokea watoto ambao sasa wana watoto.

Wiki ya tatu, asubuhi, aliletwa kwa bodaboda mama kijana wa familia moja ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mama mkwe wake alifuata nyuma kwa miguu na chupa ya uji. Binti alimpima saa moja: sentimita nne. Akachukua patografu mpya na kuanza kuijaza palepale. Nilimwona na nikamwacha. Nilijua angechoka.

Hakuchoka. Kila nusu saa aliinama na kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akitazama saa yake ya kifuani, akiandika. Saa tano kamili akapima tena. Akatoka chumba cha kujifungulia, akanikuta barazani nikizungumza na mama mkwe.

"Baba, ni sentimita tano tu. Na kichwa bado kiko juu. Mstari umevukwa. Tuite gari."

Angeniita pembeni, pengine mambo yangekuwa mengine. Hivyo nimejiambia mara nyingi, na kila mara najua ni uongo. Hakukosea kitu. Alisema palepale kwa sababu hapakuwa na muda.

Mama mkwe akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe sista, umezaa wangapi?"

"Bado, mama."

"Haya."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi, na benchi zima likacheka nami. "Mstari wa karatasi haujui wanawake wa huku," nikasema. "Mimba ya kwanza haina haraka. Tusubiri. Hiyo karatasi iweke, utajaza akishazaa. Hapa si chuoni."

Kisha akarudi ndani, na kwa muda nikamwona dirishani akiandika kitu.

Saa nane alikuja tena. Sikumtazama. "Chuo, subira," nikasema. Saa tisa hakuja kwa miguu, alipiga kelele. Moyo wa mtoto ulikuwa umeanza kushuka. Niliingia, nikapima kwa mikono yangu ya Benaco, na mikono ikaniambia kile ambacho karatasi ilikuwa imesema saa nne nyuma. Nikapiga simu. Gari lilikuwa upande mwingine wa wilaya, likafika baada ya zaidi ya saa nzima. Huko hospitali walimpasua mara tu alipofika. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa.

Kesho yake asubuhi nilimwita binti ofisini, nikafunga mlango. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nikampa patografu tupu.

"Andika upya," nikamwambia. "Anzia saa nne asubuhi. Weka alama zipande vizuri, zivuke mstari saa tisa, hapohapo tukaita gari."

"Na ile nyingine, baba?"

"Nipe. Nataka kukulinda. Ile ina makosa mengi ya mgeni."

Akaandika huku machozi yakidondoka, mpaka ikabidi nimpe karatasi nyingine. Ile ya kweli nikaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Haikuwa na kosa hata moja. Niliichukua kwa sababu ya maneno aliyoyaandika pembeni kwa herufi ndogo, yale niliyomwona akiyaandika kupitia dirishani. Nilikuwa nimeyasoma usiku uleule.

Halmashauri iliita kikao cha kujadili kifo kile. Tulikaa kwenye meza ndefu, binti upande mmoja na mimi upande wa pili karibu na mzani wa watoto. Daktari aliyeongoza aliishika karatasi, akaitazama muda mrefu. Saa zote zilikuwa na mwandiko uleule uliotulia, kalamu ileile, kana kwamba imeandikwa kwa mkao mmoja.

"Hii umeijaza saa ngapi?" akamuuliza.

"Baadaye," akajibu.

"Nani alikuelekeza uijaze baadaye?"

Binti akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, nami ningeshukuru kama ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtoto anayekungoja umshike mkono mvuke barabara. Mimi nikautazama mzani. Ulikuwa na kutu kwenye ndoano.

"Hakuna," akasema.

Daktari akanigeukia. "Mfawidhi, una la kuongeza?"

Nilikuwa nalo lote mfukoni, ndani ya koti lile nililovaa. Nikasema, "Nilimpokea kama alivyotoka chuoni." Wakatikisa vichwa kuhusu vyuo vya siku hizi.

Alipewa barua ya onyo, akahamishiwa zahanati ya mbali mpakani mwa wilaya. Kupanda kwake daraja kukasimama. Fomu yake ya maendeleo niliijaza mimi, kama mlezi. Penye nafasi ya udhaifu niliandika: "Anahitaji usimamizi wa karibu." Mwaka uliofuata nilistaafu. Wakanichinjia mbuzi, wakanipa kiti cha uvivu na mabati ishirini, na watu wakasimama mmoja baada ya mwingine kusema nimelea vijana wengi.

Nilirudi Bukiriro, nikalima maharage na migomba. Nilidhani jambo lile litazama taratibu. Kisha mwaka jana jirani yangu alikuja na binti yake, amepangiwa kazi ya uuguzi, anaondoka kesho. "Mpe maneno mawili, mzee. Wewe ni mkongwe wa kazi hii." Binti akapiga goti, akanisalimu, akangoja. Nilitafuta neno la kumwambia. Kila nililolishika lilikuwa ni lile moja, hapa si chuoni, na chini yake hapakuwa na kitu. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Baba yake akaona aibu kwa niaba yangu.

Wiki ile nikatoa karatasi sandukuni, nikapanda hiace hadi Ngara mjini, nikaunganisha basi. Tulipopita Benaco sikuangalia nje. Niliuliza wilayani, nikaelekezwa: yule mliyemwita Chuo sasa yuko kituo cha afya fulani, na waajiriwa wapya wote wa uuguzi hupelekwa kwake kwanza awaelekeze.

Nilimkuta akihesabu glovu stoo. Amenenepa kidogo. Saa ndogo bado iko kifuani.

"Shikamoo, baba."

Sikuitegemea salamu ile, na nilichelewa kuiitikia. Nikampa mfuko wa nailoni bila maelezo. Akaikunjua karatasi juu ya boksi, akaisoma kutoka saa moja hadi mwisho, kwa kidole, kama anakagua kazi ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo ilikuwepo," akasema. "Mimi miaka yote nilidhani uliichoma. Mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli niliandika, au niliota."

"Uliandika. Nimekosa, mwanangu. Nimeandika barua ya maelezo, hii hapa, naipeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Nitasema yote."

"Ipeleke."

"Sijui kama watafuta lile onyo. Faili limeshafungwa."

"Ipeleke tu." Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alikuwa bado ameishika karatasi. "Yule mama ulimwambiaje?"

Nikamweleza. Tulimwambia kwamba alichelewa kuja.

"Huyo naye umtafute," akasema. "Sitakwenda kwa niaba yako. Lakini kabla hujaondoka, nina vijana wanne wamefika jana. Njoo."

Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wasichana watatu na mvulana mmoja, wote na madaftari. "Shikamoo babu," kwa pamoja. Aliwaambia tu kwamba mimi ni muuguzi mstaafu na nimeleta patografu ya kweli. Akampa msichana wa mbele, akamwambia asome maneno ya pembeni. Aliniachia mimi kiti, lakini nilibaki nimesimama.

Msichana akasoma kwa sauti ya darasani: "Saa tano kamili. Sentimita tano, kichwa kiko juu. Mstari wa tahadhari umevukwa. Nimemweleza mfawidhi. Amesema tusubiri."

Akageuza karatasi kutazama kama kuna zaidi upande wa pili. "Mtoto alipona?"

"Hapana," nikasema.

"Eeh! Na huyo mfawidhi alikuwa nani?"

"Ni mimi."

Kalamu zilikuwa zikiandika, zikasimama. Yule mvulana akainama kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa. Nikawaeleza yote, kicheko cha barazani, karatasi ya pili, kikao, mzani. Sikuacha kitu, na binti alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono, akisikiliza kama nitaacha.

Nilipomaliza, msichana wa mbele akauliza, si kwa ukali, kwa kutaka kujua: "Sasa babu, mimi nina siku mbili kazini. Mkuu wangu akiniambia tusubiri, na mimi naona mstari umevukwa, nifanye nini?"

Nikamtazama binti mlangoni anisaidie. Hakunisaidia.

"Mpigie simu dereva wa gari wewe mwenyewe," nikasema. "Kisha uandike kwamba umepiga, na saa ngapi. Mkuu atakukasirikia."

"Halafu?"

"Halafu atacheka mbele za watu. Mwache acheke. Wewe piga."

Akaandika. Niliona kalamu yake ikitembea, kisha akaongeza saa pembeni.