Laptop yangu imewaambia ukoo kuna eneo limebaki

Kwa masikitiko makubwa natangaza mbele ya umma kwamba moja ya kumi, ikijumlishwa mara kumi, haijafika moja. Admin nifichie jina, ingawa ukoo wetu utanijua kwa sentensi hiyo tu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, fundi simu hapa Kihonda. Kompyuta nimejifunza mwenyewe mtandaoni, cheti sina. Kwetu ni Matombo, na sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Bibi alipofariki, shamba lake likawa la watu kumi wa tumbo lake, na kila kikao cha kuligawa kwa kamba kiliishia kwenye matusi. Nikajitia kimbelembele, nikasema nitatengeneza programu igawe sawa kwa sawa, isimpendelee mtu.

Siku ya kikao nikaweka laptop juu ya kinu kilichopinduliwa, watu wakasogea. Programu ikajumlisha mafungu kumi, kila fungu sufuri nukta moja, ikalinganisha na shamba zima. Kisha ikaandika kwa rangi nyekundu maneno niliyoitungia mwenyewe kwa mbwembwe zangu: LIMEBAKI ENEO HALIJAGAWIWA.

Mama mdogo akainuka. "Hee! Limebaki lipi? La pale kwenye chemchemi?"

"Halipo, mama mdogo. Ni kadogo kuliko vumbi."

"Halipo, au ni kadogo? Chagua moja, baba."

Nikaeleza. Kompyuta inahesabu kwa sufuri na moja tu, kwa hiyo moja ya kumi kwake haiishi, kama sisi tukigawa moja kwa tatu tunavyopata nukta tatu, tatu, tatu mpaka karatasi inaisha. Inakata mahali, inabaki na namba ya karibu. Ukijumlisha za karibu, na jumla inakuwa ya karibu.

Mjomba, mkubwa wa ukoo, alinisikiliza kwa upole kabisa, halafu akanimaliza: "Mwanangu, mashine haina ukoo. Haina sababu ya kudanganya. Wewe unayo."

Tangu hapo mama yangu na mdogo wake hawasalimiani. Shamba hakuna anayeruhusiwa kulilima, na mvua zimeshaanza. Mama ananiuliza, "Ulikuwa na simu zako za kutengeneza, nani alikutuma?" Swali zuri.

Ijumaa baada ya swala tunakaa tena. Nikiongeza kwenye programu mstari mmoja tu wa kukadiria, maandishi mekundu yanapotea na kila kitu kinakaa sawa. Lakini wameshayaona. Yakipotea watasema nimelila hilo eneo. Nikiyaacha, nasimama tena kufundisha hesabu za kompyuta mbele ya watu walioshika majembe.

Ndugu zangu, nimechoka. Nikadirie, au niwaache wakakitafute hicho kipande? Mnijibu taratibu, mama anausoma ukurasa huu.

Na mpaka wa shamba lenyewe ni mstari wa migomba, ambayo kila mwaka inachipulia upande inaoutaka.