Mjumbe Asiyekula

Baiskeli ya Kilonzo haikuwa na kengele, na msidhani iliibwa. Aliing'oa mwenyewe mwaka wa sitini na saba, mwezi wa kwanza wa kazi yake, baada ya mama mmoja wa Ikutha kuisikia ikilia nje ya boma akaanguka chini kabla hajaambiwa neno. Tangu hapo Kilonzo alifika kimya, cheni tu ikikwaruza, na bado watu walimjua. Wangemjua hata kama angekuja amejifunika shuka usoni.

Kazi yenyewe hakuajiriwa na mtu. Alirudi Mutomo kutoka mashamba ya mkonge na baiskeli nyeusi, ya kwanza katika lokesheni yao, na mtu alipofariki jamaa wakaja mbio kwake: Kilonzo, wewe una magurudumu, nenda uwaite wa Kisasi, nenda uwaite wa Kanziko. Simu ilikuwa ofisini kwa D.O. na kwa misheni. Basi lilipita mara mbili kwa juma, likipenda. Gari la mtu binafsi ulikuwa unaliona Krismasi. Na Kilonzo, ukweli usemwe, hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa mtu asiyetulia. Hata kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, goti likichezacheza mpaka wote waliokaa naye wakatikisika, na mkewe Nzilani alilishika goti lile kwa kiganja, kama mtu anavyoshika sufuria isimwagike. Kukaa kulimuumiza. Juu ya baiskeli tu ndipo moyo wake uliponyamaza.

Mjomba wake, aliyewahi kufanya kazi hiyo kwa miguu, alimwachia masharti mawili. La kwanza, usiutaje msiba. Ukifika sema mnaitwa nyumbani kuna shauri, sema ng'ombe wamepotea, sema lolote lile. Msiba wenyewe utatajwa na wazee. La pili, usile wala usinywe kwa mtu uliyempelekea msiba, kwa sababu nyumba hiyo imeshafiwa hata kama haijajua. Kilonzo aliyashika hayo miaka kumi na saba. Alipewa uji, alipewa maziwa, siku moja alipewa mguu mzima wa mbuzi, na yote aliyakataa mguu wake mmoja ukiwa juu ya pedali. Basi watu wakajifunza kutosikiliza maneno yake. Walitazama mkono. Ukikataa kibuyu, walianza kulia.

Utani haukukosa. Vijana wa sokoni walimuuliza, mzee, leo unapita au unaingia? Naye aliwajibu kwamba majina yao anayo, anangoja tu kutia cheni mafuta. Walicheka, naye alicheka, lakini akifika nyumbani alikuwa na hasira, na Nzilani ndiye aliyezibeba. "Nchi nzima hii," alimwambia, "hakuna mlango hata mmoja unaofurahi kuniona." Nzilani alimjibu kwamba mlango upo, ndio huu, na aufunge vizuri akiingia maana kuku wanatoka.

Halafu ikaja themanini na nne, njaa ile watu waliyoiita Nikw'a Ngwete, nakufa nimeshika, kwa kuwa hata mwenye pesa mkononi hakuona cha kununua. Mwezi wa tisa Nzilani akaanza kuvimba tumbo. Akapelekwa hospitali ya misheni, daktari akampapasa, akasema kuna uvimbe, upasuliwe, na isipite Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nzilani akajilaza upande, akautazama ukuta.

"Sipasuliwi mpaka nimwone Ndinda," alisema.

Ndinda ndiye binti yao wa pekee, na alikuwa ameolewa Nunguni, kule milimani Makueni, siku mbili za kukanyaga pedali. Kilonzo alibembeleza, akakaripia, akamwita muuguzi naye abembeleze. Nzilani alisema kisu ni kisu, na kama ni kufa humo ndani atakuwa amemuaga mtoto wake kwanza. Basi la Kitui lilikuwa limepita asubuhi. Kilonzo hakungoja mengine. Alijaza tairi upepo palepale uwanjani hospitalini, wagonjwa wakimtazama kwa wasiwasi, kila mmoja akijiuliza anatumwa kwa nani.

Safari ile aliichukia. Kwa mara ya kwanza baiskeli haikumtuliza. Mchanga wa mito mikavu ulimshusha kila mara, akaibeba begani. Miiba ya migunga ilimtoboa tyubu mara nne kabla hajafika Mto Athi, na viraka vilipokwisha akashindilia tairi la nyuma nyasi kavu, akaendelea, makalio yakiumia. Kule Emali aliagiza chai, akanywa nusu, akasimama, akakaa, akasimama tena akaiacha. Alikuwa akihesabu kwa sauti: leo Jumatano, kesho Alhamisi, kesho kutwa Ijumaa. Watu wa kioski walidhani amechanganyikiwa.

Alhamisi alasiri alikuwa anaisukuma baiskeli kuupanda mlima wa Nunguni. Ndinda alikuwa uani akipepeta. Aliinua macho, akaona ile nyeusi isiyo na kengele, na ungo ukamtoka mikononi.

"Mwaitu," alisema. Mama yangu. Kisha akapiga kelele iliyowatoa majirani wote.

"Ndinda, mama yako yuko hai," Kilonzo alisema. "Ni mgonjwa. Anakuita."

Nani alimsikiliza? Wanawake wa kanisa walikuwa wameshamzunguka Ndinda. Mama mkwe wake, Muthoki, mwanamke mpole wa sauti ya chini, alimjia Kilonzo akampa mkono kwa heshima zote. "Pole, mkwe," alisema. "Tumeelewa."

"Hamjaelewa. Yuko hospitalini. Daktari anataka Jumamosi."

"Ndivyo unavyosema siku zote," alijibu Muthoki taratibu, bila ubaya. "Ni vizuri. Sisi tutakuja Jumatatu, kwaya ipate nafasi."

Kilonzo alimgeukia mkwewe Mulei, mume wa Ndinda. Mulei alikuwa keshavaa koti, anakwenda kutafuta pikapu ya kukodi, maana hawawezi, alisema, kumpeleka mke wake mazishini mikono mitupu, bila hata gunia. Pikapu ingepatikana labda Jumapili. Kilonzo akaapa kwa Biblia. Mchungaji akamshika bega, akamwambia Mungu anauona mzigo anaoubeba. Hapo Kilonzo alitamani kuwatukana mmoja mmoja. Na hakuwa na haki, ndicho kilichomchoma. Miaka kumi na saba alikuwa amewafundisha watu wa Ukambani kote kwamba mdomo wake hausemi kweli, na somo lilikuwa limefika mpaka Nunguni.

Alisimama pale na mguu mmoja juu ya pedali, kama ilivyo kawaida yake. Akautazama mguu ule. Kisha akaushusha, akailaza baiskeli chini, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akapita katikati ya wanawake mpaka jikoni, akavuta kigoda akakaa.

"Mkwe," alimwambia Muthoki, "nipe chakula. Nina njaa."

 Mwanamume kudai chakula kwa wakwe zake, akakila mbele ya mama mkwe wa binti yake, ni aibu tosha siku yoyote. Na mwaka ule wa njaa, jikoni mle mlikuwa na ugali wa mahindi ya njano ya msaada na maharagwe kidogo, navyo vilikuwa vya jioni, vya watu sita. Muthoki alitazama sufuria, akamtazama Kilonzo, akapakua.

Alikula. Mwili mzima ulitaka kuondoka, goti lilikuwa linaruka, akaliwekea kiganja chake mwenyewe. Alijua akila haraka watasema amelazimisha, kwa hiyo alikata tonge, akalifinyanga, akalichovya, akatafuna. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima, Jumamosi inakaribia, naye anatafuna. Alipomaliza aliisukuma sahani mbele.

"Ongeza," alisema.

Sahani ya pili ilikuwa ya Mulei, kila mtu alijua. Akaila nayo, akaomba maji, akayanywa yote kutoka kwenye kibuyu. Ndinda alikuwa amekuja mlangoni, uso umelowa, analitazama koo la baba yake likipanda na kushuka.

"Baba, unakula," alisema.

"Nakula."

"Kwa hiyo mwaitu yuko hai."

"Nimesema tangu nifike."

Ndinda akaenda kutafuta viatu.

Aliketi kwenye keria, wakateremka mlima ule breki zikinuka. Huko chini walipata basi la Mombasa, baiskeli ikafungwa juu, na mpaka Kibwezi Kilonzo alisimama ingawa viti vilikuwapo. Kutoka hapo kwenda Mutomo hapakuwa na gari, kwa hiyo alimbeba binti mtu mzima kwenye mchanga na mawe, wakishuka na kupanda, akimwambia anyamaze kila alipoomba wapumzike. Waliingia wodini Jumamosi asubuhi, wamejaa vumbi.

Nzilani alimtazama binti yake muda mrefu. "Nani amekuita?" aliuliza.

"Baba."

"Na ukamwamini?"

"Alikula sahani mbili."

Nzilani alicheka huku ameshika tumbo, mpaka muuguzi akaja kumgombeza. Mchana akapasuliwa, na akapona.

Baada ya hapo ikawa desturi yao. Kila mwaka mavuno yakishaingia Kilonzo alipanda baiskeli akaenda Nunguni, bila kutumwa na mtu, kumwona tu binti yake na wajukuu. Ndinda akimwona anasukuma mlimani hakumsalimu kwanza. Alikimbia jikoni, akatoka na sahani, akamnyooshea. Kilonzo alichukua tonge moja akiwa bado amesimama, akatafuna, na hapo ndipo Ndinda alivuta pumzi na kusema karibu, baba, habari za mwaitu. Kilonzo hakumwambia mtu, lakini kwa ajili ya tonge lile angeendesha baiskeli mpaka Uganda. Kuna mlango mmoja duniani uliomkimbilia na chakula.

Kazi nayo ilikuwa inamtoka. Nunguni pakaja simu ya posta. Mutomo pakaja matatu za kila siku. Mulei akanunua pikapu yake mwenyewe, akatuma salamu kwamba mzee asijitese tena, atakuwa anafuatwa. Kilonzo alijibu kwamba yeye si gunia. Alipokosa wa kumtuma, alijituma: alitoka asubuhi kwenda kununua chumvi maili kumi na mbili, akarudi bila chumvi. Nzilani alimwambia atakufa akiwa njiani, naye akasema ingemfaa.

Lakini aliyetangulia ni Nzilani, mwezi wa pili mwaka wa tisini na mbili. Aliamka vizuri, akalisha kuku, akaketi kivulini kuchambua mboga, na akakutwa hivyo hivyo, mboga mapajani. Ndugu zake Kilonzo walisema pigeni simu posta ya Nunguni, Ndinda ataitwa, kesho yuko hapa na pikapu.

"Msipige," Kilonzo alisema. "Mimi ndiye nitakayekwenda."

Walimwambia ni wazimu. Alikuwa mzee, magoti yameisha, na siku mbili za zamani zingekuwa tatu au nne. Walisema mengi. Yeye alikuwa anajaza upepo.

Ndinda alimwona siku ya nne, akiusukuma mlima pole pole, akisimama kila hatua kadhaa. Haukuwa msimu wa mavuno, na hilo hakutaka kulifikiria. Alikimbia jikoni, akapakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe mpaka ukingoni mwa sahani, akatoka mbio akamnyooshea baba yake.

Kilonzo alikuwa amesimama uani, mguu mmoja juu ya pedali. Goti lilikuwa limetulia.

"Baba, kula," Ndinda alisema.

Hakuipokea.

"Tonge moja tu, baba. Muthokoi huu ni wa leo."

Alimtazama binti yake, akaitazama sahani. Alikuwa na njaa ya siku nne.

"Mnaitwa nyumbani," alisema. "Kuna shauri."

Ndinda alichuchumaa, akaiweka sahani chini kwenye vumbi, kati ya miguu yake na tairi la mbele.