Aukje wa Tabaka la Tano

Siku Aukje Terpstra alipoagwa kazini, keki alinunua mwenyewe. Ndivyo wanavyofanya Groningen: mwenye siku yake ndiye anayelisha wenzake, awe amezaliwa, amepata mtoto au amefukuzwa. Alichagua ya tufaha, ya watu ishirini, akaifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira, kisha akaisukuma baiskeli kwa miguu njia nzima ili keki isibonyee. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia. Angekuwepo mtu mmoja wa kulaumiwa, angalau usingizi ungekuja.

Kwa miaka kumi na moja mama huyu alifanya kazi ambayo hata wifi zake walishindwa kuieleza. Maabara ya simu ilimwajiri mwaka 1980, wakati kompyuta za kila kampuni zilikuwa na lugha yake na hazikusalimiana na za jirani. Ulaya nzima ikakubaliana: ziandikwe kanuni za kuzifanya ziongee, na kanuni hizo zipangwe matabaka saba, moja juu ya jingine. Aukje akapewa la tano.

Baba yake, Hessel, alikuwa mlinda lango la maji kwenye mfereji, yule anayefunga na kufungua milango ili mashua zipande au zishuke. Mzee hakuwa mtu wa kudanganywa kwa maneno makubwa. Jumapili moja, mbele ya supu ya njegere, alimweka binti yake kikaangoni.

"Hebu niambie tena. Kompyuta zinaongea zenyewe. Wewe unafanya nini?"

"Nazifundisha adabu, Baba."

"Adabu gani?"

"Mashua ikija langoni kwako, unajua imebeba nini?"

"Nikiinusa, najua."

"Acha utani. Kazi yako ni maji, shehena haikuhusu. Na kwetu ni hivyo hivyo. Chini kabisa kuna waya, unapitisha umeme, basi. Juu yake kuna anayekagua kipande cha ujumbe kisiharibike kutoka jirani hadi jirani. Juu yake kuna anayetafuta njia, mji hadi mji. Wa nne anahakikisha vipande vyote vimefika, tena kwa mpangilio. Kila mmoja anatia barua ya aliye juu yake ndani ya bahasha yake, na haruhusiwi kuichungulia. Kule mwisho wa safari bahasha zinafunguliwa moja moja, kuanzia ya nje."

"Hao wanne. Ulisema saba."

"La tano ndilo langu. Nani aseme, nani anyamaze, na wakimaliza wanaagana vipi. La sita linatafsiri maandishi. La saba ndiyo kazi yenyewe, kama orodha ya wagonjwa wa hospitali."

"Na zikigombania kusema?"

"Kuna kijiti. Mwenye kijiti ndiye anayesema. Akimaliza anampa mwenzake."

"Mwanzoni kabisa anacho nani?"

Aukje akacheka mpaka kijiko kikamponyoka. Swali hilo hilo kamati ya nchi kumi na tisa ilikuwa ikilitafuna tangu Septemba.

Sentensi yake yeye ilikuwa fupi: aliyepiga simu lazima ashike kijiti kwanza. Aliyeipinga ni Thibault Carrère, mwakilishi kutoka Rennes, mtu mpole mwenye sweta la kijivu. Kampuni yake ilikwisha kujenga mashine zinazofanya kinyume: aliyepiga humwachia kijiti aliyepigiwa. Wakabishana siku tatu juu ya neno moja, 'lazima'. Kwao Aukje kikao hakiishi kwa mtu kushinda. Kinaisha pale kila mmoja anapoondoka na kipande chake, hata kama kilichogawanywa hakifai tena kwa lolote. Siku ya tatu alijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili, akanyoosha mkono.

"Tuandike 'anaweza'," alisema.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Thibault akamnunulia kahawa. Aukje akapanda treni ya kurudi nyumbani kifua mbele, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alijivuna.

"Kwa hiyo anashika nani?" Hessel aliuliza.

"Aliyepiga anaweza kushika. Akipenda anamwachia mwenzake."

"Na mwenzake atajuaje kwamba amependa?"

"Wote ni waungwana, Baba. Wataelewana."

"Hapa langoni niliwahi kuona waungwana wawili wakipishana, 'pita wewe, hapana, pita wewe', mpaka maji yakaganda. Mwanangu, mimi sisemi 'unaweza'. Mimi nasema 'wewe, ingia'."

Aukje alimwona baba yake mshamba. Mungu amsamehe.

Miaka ikaenda. Kitabu cha tabaka la tano kikafika kurasa mia tatu, na kwenye meza ya jirani akaketi Sjoerd Wiarda, kijana mrefu asiyechana nywele. Sjoerd alikuja na mkanda wa programu za Wamarekani, wa bure, wenye matabaka manne tu. Alimbatiza Aukje jina la Bibi Itifaki.

"Bibi Itifaki, leo mmefika ukurasa wa ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Hongera. Yangu inafanya kazi."

"Yako haina adabu. Inatupa vipande barabarani na kuomba Mungu vifike."

"Visipofika inatuma tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, dada."

"Haraka haraka haina baraka. Na nani anaamua zamu ya kusema?"

"Hakuna zamu. Kila mtu anasema akiwa na la kusema."

"Kama sokoni."

"Kama sokoni. Umewahi kuona soko lililokwama?"

Aukje alimgeuzia mgongo. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa na vifungu sita.

Mwaka 1991 mambo yakafika penyewe. Mkuu wa maabara, Bwana Rengers, aliwakusanya akasema mkoa unataka kuunganisha hospitali zake zote kwa mtandao mmoja. Wakubwa wangekuja Alhamisi ya tatu ya mwezi Juni, waone kwa macho yao. Orodha ya wagonjwa mia wa kubuni itatoka Groningen hadi mashine ya Thibault kule Rennes, na kurudi. Ikienda, matabaka saba yanaingia hospitalini na maabara inaendelea. Isipoenda, kitengo kinafungwa, na kurasa mia tatu na kumi zinakwenda stoo.

"Itaenda?" Rengers alimuuliza mbele ya wote.

"Itaenda."

Na kwa nini asiseme hivyo? Mashine ya Groningen ilikwisha kupimwa na wapimaji wa kamati, ikapewa cheti. Ya Rennes ilipimwa nayo, ikapewa cheti. Kila moja ililinganishwa na kitabu. Hakuna aliyezilinganisha zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu kibali cha laini kati ya miji hiyo miwili kilitoka asubuhi ile ile ya Alhamisi. Lo, vyeti! Viwili, vyenye mihuri, na mashine zenyewe hazijaonana hata siku moja.

Saa sita na robo wakubwa walikuwa wameketi. Aukje akapiga. Kwenye skrini tabaka la kwanza likawaka kijani, la pili, la tatu, la nne. La tano likawaka pia: mazungumzo yamefunguliwa. Rengers akatabasamu kwa wageni. Halafu hakikutokea kitu. Dakika ikapita, zikapita tano. Chini ya skrini neno moja lilikuwa likiwaka na kuzima: KUSUBIRI.

Aukje aliinuka. Akachukua simu ya kawaida, akampigia Thibault.

"Mashine yako inasubiri nini?"

"Inasubiri yako iseme. Aliyepiga ndiye mwenye kijiti."

"Thibault, si wewe uliyetaka aliyepigiwa apewe?"

"Nilitaka, zamani. Baadaye nikaona sentensi yako ndiyo sahihi. Nikajenga upya, kwa heshima yako." Kisha akauliza: "Yako imefanyaje?"

"Imekuachia wewe kijiti. Nilijenga kwa heshima yako."

Mashine ya Groningen iliamini kijiti kiko Rennes, ya Rennes iliamini kiko Groningen, na zote mbili zilikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu.

Mama mmoja wa mkoa, mwenye miwani shingoni, akainua uso. "Samahani. Nani anamsubiri nani?"

"Kila mmoja anamsubiri mwenzake," Aukje alijibu, kwa sababu kudanganya hakujua.

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo halikusaidia.

"Najua kosa lilipo. Nipeni robo saa."

Rengers akatazama saa ya ukutani. Saa sita na nusu. Saa sita na nusu ni mkate na maziwa, na katika nchi ile hakuna mwanadamu anayemzuilia mwenzake mkate wake. Wageni wakasimama. Kuelekea mlangoni walipita meza ya Sjoerd, na Sjoerd, ambaye hakuwa hata kwenye ratiba, alikuwa akiandikiana na chuo kimoja cha Norwe. Yule mama akasimama kutazama. Jibu likaingia mbele ya macho yake.

"Hii ina matabaka mangapi?"

"Manne, mama."

"Tu?"

"Tu."

Akaandika 'manne' kwenye daftari lake, na kila kitu kikaishia kwenye mstari ule.

Aukje alibaki peke yake. Alibadilisha mahali pamoja, pale penye "anaweza" akarudisha "lazima" yake ya awali, akapiga upya. Saa saba kasoro dakika kumi wagonjwa mia wakaondoka Groningen, wakafika Rennes wote, kila jina na nukta zake. Ilikwenda vizuri ajabu. Hakuna aliyeona. Akaipa Rennes kijiti ili irudishe orodha wageni wakirudi kuketi, akaiacha laini wazi, akasubiri. Wageni walimalizia maziwa yao wakaondoka kwa mlango wa mbele. Aukje aliwaona dirishani wakipanda gari. Alilia kwa uchungu, chooni, maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa.

Barua ya kufunga kitengo ilikuwa na mistari minne. Agosti Rennes nako wakafunga chao. Thibault akahamishiwa mauzo, na chumba cha mashine kikatiwa kufuli huku umeme ukiwa haujazimwa.

Basi tufike kwenye keki. Septemba, saa tisa mchana, watu kumi na sita walisimama na sahani za karatasi. Bwana Rengers alianza kusema kwamba Aukje alikuwa nguzo, akaitwa kwenye simu kabla hajasema ya nini. Wengine walitafuna wakitazama saa, maana kule chumba cha pili mafunzo ya mtandao mpya yalikuwa yanaanza. Wakatoka mmoja mmoja, kila mtu na kipande chake mkononi. Miaka kumi na moja ya kuandika namna ya kuagana, na hakuna aliyemwambia kwaheri.

Sjoerd peke yake alibaki mlangoni.

"Dada Aukje. Samahani."

"Ya nini? Yako inafanya kazi."

"Nimewaambia wamekosea kukuacha."

"Umewaambia kabla ya kusaini mkataba wako mpya au baada?"

Sjoerd akaenda kufundisha.

Aukje akaketi mbele ya mashine yake. Ilikuwa bado hai, na laini ya Rennes ilikuwa bado wazi tangu mwezi Juni. Alitaka kuifunga kama kitabu kinavyosema: unaomba kuaga, mwenzako anakubali, kila mmoja anahakikisha mwenzake hana neno lililobaki, ndipo mnaachana. Aliandika sehemu hiyo yeye mwenyewe, na aliipenda. Lakini anayeruhusiwa kuomba kuaga ni mwenye kijiti, na kijiti alikuwa amekiacha Rennes. Muda wa mwisho wa kusubiri haukuwepo kitabuni. Kamati haikukubaliana ni dakika ngapi.

Alikunywa kikombe kizima cha kahawa akilitazama neno KUSUBIRI. Njia nyingine ilikuwepo, ukurasa wa mwisho, imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba itumike kwa dharura tu, na jina lake ni kukata. Alisimama, akazunguka nyuma ya mashine, akang'oa waya.

Nyumbani Hessel alimkuta mezani na mabaki ya keki mbele yake.

"Mmeagana vizuri?"

"Nimekata, Baba."

Mzee akavuta kiti. Alikuwa amestaafu lango lake mwaka uliotangulia, na bado alikuwa akiamka mashua zikipita. "Na yule mwenzako wa kule? Atajua?"

"Matabaka ya chini yatamwambia waya umekatika. Kwa nini, hayatamwambia."

Hessel akachukua kisu, akakata keki vipande viwili, kimoja akakisukuma upande wa binti yake.

"Wewe je," akauliza, "walikwambia kwa nini?"

Aukje akatikisa kichwa, akaanza kula.