Muziki wa Fundi Feni

Mtaani kwetu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, ukitaka kumuudhi Mzee Ernesti huna haja ya kumtukana. Unapita mbele ya kibaraza chake, unasimama, unasikiliza kidogo, kisha unamuuliza, "Hiyo feni bado haijapona?" Basi. Atanuna wiki nzima, na feni yako ikiharibika utaipeleka kwa fundi mwingine.

Mie jirani yake, ukuta kwa ukuta. Jina langu Zuwena, nauza vitumbua mlangoni kwangu, na masikio yangu ni mazima kabisa, kwa bahati mbaya. Kila Jumapili saa tisa alasiri, tangu nilipoolewa mtaa huu, nasikia ule mlio. Unaanza chini, mmoja, mrefu, kama pampu ya maji inayovuta hewa. Juu yake unakuja mwingine unaotetemeka. Halafu kuna kitu kinagonga, tik, tik, tik, wala hakina haraka. Hakuna anayeimba. Hakuna ngoma, hakuna gambusi, hakuna pa kupigia makofi. Sufuria ya wali inaweza kuiva jikoni na wimbo bado haujasema unataka nini.

Mwenyewe anasema huo ni muziki. Anasema ulitungwa Ulaya miaka ya sabini, kwa ajili ya sinema, ukapigwa kwa vinanda vya umeme vya wakati ule, vikubwa kama kabati, vimejaa swichi na nyaya. Sisi tunasema ni feni. Kibaraza chake kimejaa feni za watu, nyingine zinazunguka, nyingine zinajaribu kuzunguka, na anayepita atajuaje?

Baba yake alitoka Njombe kuja kukata mkonge, akazaa watoto wa Kilutheri katika mtaa wa Waislamu, nao wakakua na watoto wa hapa wakila pilau za watu. Ernesti mkonge hakuutaka. Akiwa kijana alipata kazi kwenye sinema ya Bwana Jafferji huko mjini, kazi ya kurudisha mikanda. Filamu zamani haikuja kitu kizima. Ilikuja mikanda kadhaa, na mmoja ukishaonyeshwa lazima uzungushwe kwa mkono urudi mwanzo, huku unaofuata unaendelea kuonyeshwa. Kwa hiyo Ernesti alikaa kwenye chumba cha mashine miaka yote ile, mgongo kwenye filamu, anazungusha. Hakuona hata moja. Alizisikia zote.

Jafferji, mwenye sinema, naye hakuona. Yeye alisimama mlango wa nyuma tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu vijana wa Tanga walikuwa wanajua kuingia kwa kurudi kinyumenyume, ili uone kama wanatoka.

Sinema ikafa, kama zilivyokufa nyingine. Jafferji akaviuza viti vyake kanisani, na Ernesti mpaka leo anaabudu kwenye kiti kilichoandikwa J 9. Yeye Jafferji akafungua duka la misumari na rangi hapa hapa mtaani, mkabala na sisi, nyumba yake ikiwa nyuma ya duka. Sahani za santuri, zile zilizopigwa wakati wa mapumziko ya filamu, akampa Ernesti. Mashine ya kuzipigia ilikuwa mbovu. Ernesti aliitengeneza kwa mota ya feni, na hilo halikumsaidia katika ubishi wake na sisi.

Basi kila Jumapili Jafferji alifunga kitabu chake cha dua, akabeba kiti chake mwenyewe, akavuka barabara, akakaa kibarazani kwa Ernesti. Wawili wale walisikiliza bila kusema neno, mpaka wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Hapa gari linaingia mtoni," Jafferji angesema.

"Hapana, Bwana Jafferji. Hapa mwanamke anahama nyumba. Sikiliza vizuri, anafunga sanduku."

"Ernesti, gari."

"Sanduku hilo."

Miaka na miaka. Watoto wangu wamezaliwa, wamesoma, wameoa, gari bado linaingia mtoni. Na hakuna hata mmoja kati ya wazee wale wawili aliyeiona filamu yenyewe. Kutoka dirishani ng'ambo ya barabara, Bi Nargis, mke wa Jafferji, angepaza sauti: "Nyie wazee, punguzeni hizo kelele, watu tumelala!" Nargis hakuwahi kuuita ule mlio kitu kingine ila kelele. Mie nilimpenda sana kwa hilo.

Ernesti alijaribu kutushawishi, siwezi kusema hakujaribu. Siku ya harusi ya binti yake Queen alimpa mpiga muziki Bryson ule wimbo, apige maharusi wakiingia ukumbini. Ukapigwa. Mlinzi wa ukumbi alikimbia nje akazima jenereta, akidhani ndiyo inayolia vile. Queen aliingia gizani, akiongozwa na tochi ya simu, na baba yake hakula chakula siku ile.

Lakini lililomuuma kupita yote ni jambo la msiba. Kwetu akifa mtu, mtaa mzima unazima redio mpaka matanga yaanuliwe. Hata wenye baa wanazima. Na mjumbe wetu, Zubeiri, hupita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha waliosahau. Alipofariki baba yake Mama Ruthi, Zubeiri alimkuta Ernesti na santuri yake, inavuma kweli kweli. Nilikuwa mlangoni, nikaona.

"Samahani, mjumbe," Ernesti akasema, mkono tayari kwenye sindano. "Sikujua kuna msiba. Naizima sasa hivi."

Zubeiri akasikiliza, akatikisa kichwa kwa upole. "Hapana, fundi, wewe endelea na kazi yako. Tunazima muziki tu."

Akaenda zake. Ernesti alibaki pale, mkono hewani. Siku zile zote za msiba hakuna redio iliyolia Barabara ya Kumi na Nne, isipokuwa santuri yake, aliyoiwasha kwa hasira kila alasiri kusudi akatazwe. Hakuna aliyemkataza. Ikawa ndiyo kawaida. Misiba yote iliyofuata, alipiga, na mtaa ulimwacha kama unavyomwacha mwenye mashine ya kusaga.

Mwaka jana Jafferji akaanza kuugua. Kwanza kiti alibebewa, kisha yeye mwenyewe akawa anashikwa mkono kuvuka, kisha hakuvuka tena. Ernesti alimpelekea uji, akarudi, akakaa kibarazani kwake na bisibisi mkononi bila kufungua chochote.

"Bi Zuwena," akaniambia, "mzee huyu akienda nitabaki peke yangu ninayejua kwamba huu ni muziki. Na jambo analolijua mtu mmoja peke yake, huyo mtu mnamwita mgonjwa."

"Kula kitumbua, jirani," nikamwambia.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Nilitamani hata kumdanganya kwamba ule ni muziki, ila mdomo ulikataa. Nina hasira za karibu lakini uongo sijauzoea. Nilichoweza ni kumwongezea kitumbua cha pili, nacho hakukila.

Jafferji alifariki Jumamosi asubuhi, akazikwa siku ile ile. Ernesti alikwenda makaburini, akasimama na wanaume, akatia mchanga kwa mikono yake. Kesho yake ikawa Jumapili. Turubai limefungwa barabarani, wanaume wamekaa kwenye majamvi, wanawake tumo ndani tumemzunguka Nargis, juzuu mikononi. Redio zote kimya, Zubeiri alishapita. Saa tisa, nikausikia ule mlio.

Kwa nini aliwasha? Kwa sababu ilikuwa Jumapili. Na hakuna mtu aliyewahi kumwambia asiwashe.

Sauti iliingia dirishani, ndefu, haina haraka. Wanawake hawakuinua hata vichwa. Nje nilimsikia mgeni mmoja akiuliza ni nini kile, na Zubeiri akimjibu, "Ni jirani yetu, fundi feni. Ana kazi za watu, mwacheni." Tukaendelea kusoma. Upande wa kwanza ukaisha. Upande wa pili ukaanza. Ulipofika ule wimbo wa mwisho, wa gari na sanduku, Nargis akafunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kumtikisika. Tangu mauti yatokee hakuwa amelia. Tulikuwa tumeanza kuogopa.

Akanishika mkono. "Zuwena. Mwambie Ernesti azime muziki. Siwezi."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Azime nini, Bi Nargis?"

"Muziki. Mwambie azime muziki, moyo wangu utapasuka."

Nikatoka. Zubeiri akanisimamisha mlangoni, akauliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kumwambia Ernesti azime muziki.

"Muziki gani? Zile feni?"

"Muziki, Zubeiri! Kaa chini!" Wanaume wote wakanitazama. Sijui hasira ile ilitoka wapi, na kwa niaba ya nani.

Nikavuka barabara. Ernesti alikuwa amekaa kwenye benchi lake, na pembeni yake ameacha nafasi ya kiti.

"Jirani," nikasema, "zima. Kuna msiba."

Hakuinuka. "Msiba umekuwepo tangu jana. Nani kasema nizime?"

"Bi Nargis."

"Kasemaje? Kasema kelele?"

"Kasema muziki. Kasema uzime muziki, hawezi, moyo wake utapasuka."

Ernesti aliniangalia muda, akitafuta kama ninamtania. Maskini, nilikuwa nimemtania sana. Kisha akainua sindano taratibu, kwa vidole viwili, akaizima mashine, akaifunika kwa kitenge. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hata hayafuti. "Mwambie samahani," akasema. "Mwambie sitarudia."

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, turubai likafunguliwa, na redio za mtaa zikarudi zote kwa pamoja, utadhani zilikuwa zimebana pumzi. Ya Ernesti haikurudi. Jumapili ikapita, na ya pili, na ya tatu. Alitengeneza feni kimyakimya. Nilikuwa nalalamika miaka yote, na sasa alasiri ya Jumapili nilikaa jikoni nikikoroga unga sina hata la kulalamikia. Niliona vibaya, na kuona vibaya kwenyewe kukaniudhi.

Nargis alikuwa edani, hatoki, hakai na wanaume. Kila siku nilimpelekea vitumbua, tukazungumza chumbani kwake karibu na dirisha. Jumapili ya nne akaniuliza, "Ernesti anaumwa?"

"Haumwi. Si ulisema azime?"

"Nilisema azime msibani, Zuwena. Wewe nawe! Msiba ukianuliwa watu hawawashi?" Akalisogeza pazia kidogo. "Mwambie awashe. Na lile spika aligeuze huku."

Nikaenda nikamwambia. Ernesti aliliweka spika juu ya kiti, akaligeuza kuelekea dirishani, akaondoa kitenge, akafuta sahani kwa mkono wa shati. Nilirudi kwa Nargis, tukakaa. Wakati huu nilisikiliza. Siwezi kusema niliupenda, ila nilikaa nao mpaka mwisho, na hata kitu cha kugonga kilipoanza sikuhamaki.

Ulipofika wimbo wa mwisho, Nargis akasema, "Hivi wale walikuwa wanabishania nini hapa, miaka yote?"

"Marehemu alisema gari linaingia mtoni. Ernesti anasema mwanamke anafunga sanduku, anahama nyumba."

Akacheka, kicheko cha kwanza tangu afiwe. "Hakuna gari. Hakuna sanduku. Wote wawili hawakuiona ile filamu."

"Wewe uliiona?"

"Mie niliziona zote. Nilikuwa bibi harusi, mume yuko kazini kila jioni, ningekaa nyumbani na nani?" Kisha akaniambia kinachotokea pale, na nikashika mdomo.

Nikavuka tena. Kwa umri wangu, kuvuka barabara ile mara zote hizo ni adhabu. Nikamwambia Ernesti kwamba Bi Nargis aliziona filamu zote.

Bisibisi ikamwanguka. "Zote? Na miaka yote hii hakusema?"

"Anasema hamkumuuliza."

"Sasa ni nini? Gari?"

"Si gari. Si sanduku. Hapo filamu imekwisha, jirani. Ni majina yanapita, taa zinawaka, watu wanatoka. Anasema ukumbi wote ulikuwa unabaki mtupu, yeye peke yake kitini, anausikiliza huu muziki wako mpaka mwisho, akimsubiri Jafferji afunge milango."

Ernesti akageuka kulitazama dirisha. Pazia lilikuwa wazi kidogo, na nyuma yake mtu amekaa. Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho, ile milio mirefu inazimika mmoja mmoja. Kabla haujaisha akanyoosha mkono, akainua sindano, akairudisha mwanzo wa wimbo ule ule, ili Nargis aendelee kusubiri.