Dorothea na Tamthilia ya Mfagiaji

Asubuhi ile tulikunywa chai na viazi vya kuchemsha. Mke wangu Dorothea akanisimulia tamthilia ya jana yake, maana macho yangu hayaishiki runinga. Yule mfagiaji wa hoteli, akasema, sasa kapewa hoteli yenyewe.

"Na wafagiaji wenzake?"

"Hao hawakuonyeshwa, Baba Jeni. Kula kiazi."

Kesho yake kichwa kilimshika. Tulimpeleka hospitali, hakurudi.

Mke wangu alizaliwa kambini, kwa wachuma chai. Wazazi wake walitoka Njombe, wakachuma mpaka migongo ikapinda, wakazikwa huku bila shamba. Nilipomuoa akaja kijijini kwetu Kwai, kwenye kipande changu cha karoti. Alilima kama mtu anayeogopa kufukuzwa.

Binti yetu Jenipher akatuletea runinga na sola. Ndipo Dorothea alipomwona huyo mfagiaji. Mfagiaji alijitenga na wenzake, akahangaika peke yake, akapanda cheo. Dorothea akaamini. Sikumcheka. Mama yake hakuonyeshwa njia kama hiyo hata kwa picha.

Kwetu wanawake hulimiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Dorothea akajitoa.

"Wananichelewesha," akasema. "Maskini ni mtu asiyethubutu."

Hata Hidaya, jirani yetu mjane, Dorothea alimwambia hivyo usoni, akimtajia yule mfagiaji wa hoteli.

Mvua ikanyesha. Mche wa karoti ni mdogo, magugu huuwahi. Peke yake alipalilia upande wa juu, wa chini ukafunikwa. Mimi siinami tena. Zile karoti zikifa, hatuna msimu. Nikamwambia arudi kwa wenzake. Usiku nilimsikia anajigeuza.

Siku moja akachukua jembe dogo la palizi, akateremka shambani kwa Hidaya. Nikamfuata na fimbo yangu. Wanawake walikuwa wameinama kwenye matuta.

"Karibu, Mama Hoteli," Hidaya akasema bila kuinua kichwa. "Vyumba vimejaa?"

Wakacheka wote. Dorothea akasimama, kakaza mpini. Nikajua sasa anageuka, tunarudi nyumbani, na karoti basi.

Hakugeuka. Akavua kandambili zake, akaingia tuta la pembeni ya Hidaya.

Wiki ile ile walikuja kwetu, karoti zikapona. Lakini mimi nasikia bado Dorothea alivyomjibu Hidaya siku ile, ameshainama:

"Vimejaa magugu, dada. Sogea, nianze na kwako."