Swali la Kumi na Saba

Mwalimu Karwirwa amefundisha Kiingereza miaka ishirini na mitatu, kumi na minne kati yake katika shule moja ya msingi upande wa Ruiri. Watoto wake huongea Kimeru nyumbani na Kiswahili madukani. Kiingereza wengi wao hukisikia kutoka kinywani mwake tu, na yeye hilo halichukulii kimzaha.

Muhula wa pili mwaka huu alitumia wiki tatu kuwafundisha Gredi ya Sita aina za sentensi. Aliwaita wawiliwawili mbele ya darasa. Wawili waliosimama kila mmoja kwa miguu yake, wameshikana mikono, hao walikuwa sentensi ambatano. Mmoja akimwegemea mwenzake hata asiweze kusimama peke yake, hao walikuwa changamano. Kirimi aliegemea sana, mwenzake akasogea, Kirimi akaanguka chini. Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyelisahau somo hilo.

Kisha ukaja mtihani wa pamoja wa shule za eneo lile. Swali la kumi na saba liliwataka wachague sentensi ambatano. Watoto thelathini na sita kati ya arobaini na mmoja walichagua C: "The goat ran away but the dog caught it." Karatasi, zilizosahihishwa na walimu wa shule nyingine, zilirudi na alama nyekundu ya kosa juu ya kila C. Mwongozo wa kusahihisha ulisema jibu ni A: "When the rain stopped, we went to the shamba." Hiyo ni changamano. Kipande chake cha kwanza, "mvua ilipokoma", hakiwezi kusimama peke yake.

Mukiri, msichana mkimya anayekaa dawati la mbele, aliinua mkono.

"Madam, kwani ulitufunza vibaya?"

Hakuuliza kwa ujeuri, na hilo ndilo lililomchoma Karwirwa. Aliona watoto wengine wakingoja jibu. Alizikusanya karatasi zote akaenda ofisini kwa Bwana Kaimenyi, mwalimu mkuu.

"Ni maksi moja tu, Mwalimu," Kaimenyi alisema baada ya kusoma. "Na matokeo yashatumwa."

"Yarudishwe."

"Ukianza kupinga mwongozo, shule yetu ndiyo itaonekana mbaya. Wenzako wamenyamaza."

"Wenzangu hawakuulizwa na Mukiri."

Jumamosi walimu wa Kiingereza wa eneo lile walikutana kujadili matokeo. Aliyeongoza kikao ni Gitobu, ambaye jina lake lilikuwa limepigwa chapa juu ya mtihani kama mtungaji. Karwirwa alimwomba aeleze ubaoni kwa nini jibu la swali la kumi na saba ni A. Gitobu alipekua makaratasi yake, akasema muda hautoshi. Karwirwa alishika chaki akaziandika sentensi zote mbili, akapiga mstari chini ya "When the rain stopped".

"Hii ikisimama peke yake imesema nini?" aliuliza.

Mwishowe Gitobu alikiri kwamba mtihani ulinunuliwa kwa mchapishaji mmoja mjini, pamoja na majibu yake, naye akaweka jina lake bila kuusoma.

Mwalimu kijana aitwaye Kawira alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliliona kosa wakati wa kusahihisha. "Lakini mwongozo ulikuwa umesema A. Nikafuata."

Karwirwa aliweza kumwelewa Gitobu. Mvivu ni mvivu. Kwa Kawira alishindwa, akamgeukia.

"Ulijua, ukamkata mtoto maksi?"

Walimu wengine walitazama simu zao. Kikao kilihamia jambo la pili.

Jumatatu Karwirwa alizisahihisha upya karatasi zote kwa wino wa kijani, akazirudisha, akawaambia darasa, "Mlikuwa sahihi. Waliokosea ni watu wazima, na naomba radhi kwa niaba yao, kwa sababu wenyewe hawataomba."

Wiki hiyohiyo alipewa barua ya onyo kwa kubadilisha maksi bila idhini, akaondolewa kwenye orodha ya wasahihishaji. Matokeo yaliyotumwa hayakubadilishwa. Aliitia barua sahihi, akaikunja na kuiweka mkobani, akaenda darasani.

Siku hiyo Kirimi ndiye aliyeuliza. "Madam, na wakikosea tena? Tuandike yetu ama yao?"

"Andikeni iliyo sahihi."

"Hata wakitukata?"

Karwirwa alisimama na chaki mkononi. Alitaka kuwaambia kwamba hawatakatwa, lakini asingeweza kuwaahidi hilo.

"Hata wakiwakata," alisema. "Halafu mniletee mimi hizo karatasi."