Gemu Niliyoisingizia

Baba yangu alijifunza kucheza gemu akiwa na miaka sitini na minane, na mimi sikumuuliza hata mara moja alijifunzia wapi.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa kanisa na mtu wa kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Nyumba yetu iko Kitendaguro, Bukoba, katikati ya migomba na mibuni michache ambayo marehemu mama ndiye aliyekuwa akiipogoa. Nyumbani tunamwita Tata, ndivyo Wahaya tunavyomwita baba. Mimi ni mtoto wake wa mwisho, muuguzi, na wakati ninaousimulia nilikuwa nimepangiwa kazi kwenye zahanati kisiwani Bumbire, wilaya ya Muleba. Kutoka nyumbani hadi kwangu unapanda gari mpaka mwaloni, ufukweni boti zinapotia nanga, kisha boti. Ziwa likichafuka, unalala hapohapo mwaloni hadi litulie. Mama alipofariki nilikuja kuzika, nikakaa wiki mbili, nikarudi kisiwani. Tata akabaki na nyumba.

Gemu ninayoisema ni ile ya mpira inayojulikana kila mahali, ile ambayo kila mwaka hutoa toleo jipya na watu wakaligombania kana kwamba la mwaka uliopita limeoza. Nilianza kuicheza nikiwa sekondari, kwenye banda la gemu kule Hamugembe. Nilikuwa msichana peke yangu. Wavulana walikuwa wakinipa pedi mbovu, ile ambayo kitufe cha kupiga shuti kimelegea, na bado nilikuwa nawafunga. Siku moja Tata alinifuata mpaka mlangoni pale. Nilijua nimekwisha. Lakini alisimama kimya, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani, mpaka mechi ikaisha.

"Umeshinda?" akauliza.

"Nimeshinda."

"Haya, twende. Mama yako anakusubiri umenye ndizi."

Hakunikataza tena. Nilipofaulu kwenda chuo, kaka yangu mkubwa aliniletea mashine yangu mwenyewe, imetumika lakini nzima, pamoja na gemu hiyohiyo. Nilicheza likizo zote mbili za mwanzo mpaka mama akawa anasema sebule yake imegeuka uwanja wa taifa.

Chuoni ndipo nilipobadilika. Nilikutana na wenzangu waliokuwa wakicheza gemu za namna nyingine, zenye hadithi ndefu, na hao waliicheka gemu yangu. Walisema ni ya watu wasiojua gemu. Jezi zinabadilishwa, majina yanabadilishwa, mengine yote ni yaleyale, na dunia nzima inapiga makofi. Mwanzoni niliitetea, kisha nikaona aibu, kisha nikahamia upande wao. Na kama mnavyojua, aliyeokoka jana ndiye anayepaza sauti kuliko wote kanisani. Nilijiunga na kundi la simu la wachezaji, na hata nilipofika Bumbire, mtandao ulipokubali, nilikuwa nakaa kwenye mawe nyuma ya zahanati nikirekodi sauti ndefu za kueleza kwa nini gemu ile inasifiwa kuliko inavyostahili. Nilikuwa na hoja. Nilikuwa nachekesha pia. Watu wa kundi walinisubiri.

Simu zangu na Tata, kwa upande mwingine, zilikuwa fupi. Umekula? Nimekula. Mvua? Imenyesha. Kibanja? Kipo. Mama ndiye aliyekuwa akituunganisha, na alipoondoka tulibaki kila mmoja na ncha yake ya kamba. Mara moja tu Tata aliuliza kitu cha ajabu. Aliniuliza, kwenye ule mchezo wangu, mtu akitaka kupiga krosi anabonyeza nini. Nilikuwa na mgonjwa mbele yangu. Nilimwambia nitampigia baadaye, na sikupiga.

Nilipopata likizo nilikwenda nyumbani. Tulikula mchana, ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, tukashukuru, nikaondoa vyombo. Niliporudi sebuleni nikamkuta amevuta kigoda mpaka mbele kabisa ya televisheni. Mashine yangu ya zamani, ambayo niliiacha kabatini ikiwa haiwaki, ilikuwa mezani inawaka. Pedi moja ilikuwa mkononi mwake na nyingine ameiweka juu ya kitambaa cha kochi, mahali pangu.

"Kaa," alisema. "Leo nakufunga."

Ningeweza kukaa tu. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekaa. Lakini nilicheka, nikasema, "Tata, gemu hii? Bado kuna watu wanacheza gemu hii?"

"Kwani ina nini?"

"Inasifiwa bure. Kila mwaka kitu kilekile. Wanaojua gemu walishaiacha siku nyingi."

"Wewe uliipenda."

"Nilikuwa mtoto."

Akageuza pedi mikononi mwake, akaitazama kama mtu anayekagua daftari la mwanafunzi. "Basi cheza na mimi kidogo," akasema, "halafu utanionyesha ubaya wake."

Tulicheza. Nakiri kwamba dakika za kwanza nilishangaa. Alijua kupiga pasi, alijua kukaba, alijua hata kumbadilisha mchezaji anayemwongoza. Katikati ya uwanja alinisumbua kwelikweli. Lakini nilipoanza kupitisha mpira pembeni, nilimfunga nilivyotaka. Moja, mbili, tatu. Mchezaji wangu aliyekuwa akisubiri pasi karibu na mstari, Tata alikuwa kama hajui yupo. Na alikuwa akigeuza shingo kushoto na kulia, kushoto na kulia, mfano wa mtu anayetaka kuvuka barabara.

"Usigeuze kichwa, Tata," nilimwambia. "Gemu inachezwa kwa vidole."

"Nisipogeuza siwaoni."

"Winga yule humuoni?"

"Namwona akishafika hapa kati." Akanyoosha kidole kwenye kioo, pembeni. "Huku kuna giza giza. Kama mtu ameshusha pazia."

Mimi ni muuguzi. Nimesomea. Kwenye zahanati yetu mtu mzima akikaa mbele yangu akaniambia anaona giza pembeni, ninajua la kumuuliza na ninajua pa kumpeleka, na ninajua kwamba ni jambo la haraka. Haya yote nilikuwa nayo kichwani siku ile. Lakini kichwani mwangu kulikuwa pia na hotuba yangu, ile niliyoizoea, na hotuba ndiyo iliyotangulia kutoka.

"Si ndiyo ubovu wenyewe ninaokwambia!" nilisema kwa furaha, kama mtu aliyepata shahidi. "Picha zao za pembeni hovyo. Miaka yote hawajarekebisha, kwa sababu wanajua watu watanunua tu. Hapo hata mimi huwa sioni vizuri."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Nilikuwa naona vizuri.

"Aa," Tata akasema. "Kumbe ni gemu."

"Ni gemu, Tata."

"Nilidhani ni mimi."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akaweka pedi chini. Tulikuwa hatujamaliza hata nusu ya kwanza. Alizima mashine mwenyewe, akaifunika kwa kitambaa kilichofumwa na mama, akasema anakwenda kutazama mkungu ulioanguka kibanjani. Kesho yake sikumwona akiiwasha, wala siku iliyofuata. Nilifikiri nimemshawishi, na ninaona haya kusema kwamba nilijivunia. Niliporudi Bumbire nililisimulia kundi kwamba hata baba yangu mzee ameona ubovu wa picha. Walicheka sana.

Ulipita mwaka na zaidi kidogo. Katika muda huo Tata aliniambia kwenye simu kwamba amejikwaa kwenye beseni uani. Mara nyingine alisema amegonga fremu ya mlango kwa bega. Nilimtania, nikamwambia azeeke taratibu. Kisha, Jumapili moja, shangazi akanipigia. Tata alikuwa akitoka kanisani, anavuka barabara Hamugembe, bodaboda ikatokea kushoto kwake. Dereva alikuwa amepiga honi. Tata alisikia honi, akageukia kulia, akagongwa.

Nilipofika Bukoba nilimkuta wodini, mkono umefungwa, uso umevimba. Mfupa wa mkono ulikuwa jambo dogo. Daktari aliyempokea alikuwa amegundua kwamba akimwonyesha kidole kwa pembeni mzee hakioni, akamwita mwenzake wa macho. Yule wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alimpima macho yote mawili, akaninong'oneza neno nililokuwa nimelijua tangu niliposikia habari za honi: presha ya macho, ya muda mrefu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote.

Kisha akamgeukia Tata na kalamu yake. "Mzee, hili giza la pembeni ulianza kuliona lini?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Tata hakunitazama. Alilamba midomo.

"Sikumbuki," alisema.

Mwalimu yule alikuwa akikumbuka majina ya watoto aliowafundisha kabla mimi sijazaliwa. Alikumbuka nani alikaa dawati gani. Alimdanganya daktari ili mimi nisisikie jibu, na mimi nilimwacha adanganye. Daktari akaandika kitu kwenye faili, akaondoka.

Siku mbili baadaye, tukiwa tumesharudi Kitendaguro, alikuja mgeni na mfuko wa parachichi. Alikuwa mama mwenye lile banda la gemu la Hamugembe nililochezea nikiwa sekondari, ambaye utotoni alifundishwa na Tata. Yeye ndiye aliyemwokota barabarani. Tata alikuwa amelala, kwa hiyo tulikaa wawili barazani, na katika kuzungumza akasema, "Mwalimu amenihuzunisha. Yule ndiye mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote."

"Mwanafunzi wa nini?"

Akanishangaa. "Hukuambiwa? Baada ya msiba wa mama yako, Mwalimu alikuwa anakuja bandani asubuhi, vijana wakiwa shuleni. Miezi, dada. Kila siku yuko na daftari, anaandika kitufe hiki kinafanya hivi, hiki kinafanya vile. Nilimuuliza, Mwalimu, umepatwa na nini? Akaniambia, 'Binti yangu akija, tukishamaliza kusalimiana, tunakosa la kufanya. Huu ndio mchezo anaoupenda.' Fundi wa ile mashine yenu nilimtafuta mimi." Akausogeza mfuko wa parachichi kwangu. "Halafu ulipokuja likizo hakurudi tena. Nikajua sasa mnacheza nyumbani."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamshukuru kwa parachichi.

Mpaka leo ninaamini gemu ile inasifiwa kupita kiasi. Mtu akiniuliza, nitamwambia vilevile, na sidhani kama nitakosea. Ndiyo maana siwezi hata kujitetea kwamba nilidanganywa na mtu. Hoja yangu ilikuwa ya kweli, na niliipenda kiasi kwamba baba yangu aliponionyesha kwa kidole mahali anapopofukia, nilimwona kama mfano mzuri wa hoja.

Nilijitoa kwenye kundi bila kuaga. Ilinichukua wiki nzima ya likizo ya dharura kupata ujasiri wa kuzungumza na Tata. Nilimkuta asubuhi barazani, mkono umening'inizwa shingoni, uso ameelekeza kwenye jua. Nilipiga magoti, kama nilivyofundishwa kumsalimia tangu mdogo, na sikuinuka.

"Tata, siku ile tulipocheza, uliniambia unaona giza."

"Ndiyo."

"Mimi nikasema ni gemu."

"Ulisema."

"Nilijua, Tata. Sikufikiri, lakini nilikuwa najua. Kama ningekuchukua siku ile..."

Alitafuta kichwa changu kwa mkono mzima. Ilibidi ageuze shingo kwanza ili anione niko wapi. "Omwana wange," akaniita mwanawe, kwa Kihaya, "mimi nilikuwa na macho haya kabla ya gemu. Pazia lilikuwepo hata kanisani. Nilikuwa naogopa. Wewe uliponiambia ni gemu, nikafurahi, nikaacha kutafuta. Nilitaka iwe gemu."

"Lakini mimi ndiye muuguzi."

Hilo hakulipinga. Ni mkweli Tata. Alikuwa ameshadanganya mara moja kwa ajili yangu na hakutaka kurudia. Aliacha mkono wake kichwani pangu kwa muda, kisha akasema niinuke, sakafu ni ya baridi.

Nimeomba uhamisho kuja Bukoba mjini na bado sijajibiwa. Kwa sasa, kila ninapopata ruhusa, navuka ziwa. Siku nisizokuwepo, shangazi ndiye anayemtia matone. Hatupendi kuzungumza habari za gemu, lakini mazungumzo yetu yamekuwa marefu kidogo. Ananiuliza juu ya wagonjwa wangu, naye ananisimulia watoto aliowafundisha, mmoja mmoja. Mwezi uliopita nilikuwa namtia dawa, nimemwinua kidevu, akaniuliza kama kule kisiwani napata watu wenye ugonjwa kama wake. Nikamwambia napata.

"Wanakuja mapema?"

"Wengi wanachelewa."

Alifumba macho, akasubiri tone liingie. "Wachelewaji usiwagombeze," alisema. "Waulize tu nani aliwaambia si kitu."